Mstari Mweupe Ndani ya Ngozi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Jovina aligeuza ngozi. Alikunja mikono ya sweta, akashika fimbo ndefu, akaisukuma ngozi ndani ya maji ya kahawia mpaka upande wa chini ukaja juu. Mapipa yalikuwa matatu, chini ya paa la nyasi nyuma ya nyumba yao, katika kijiji kilichokuwa karibu na kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara. Yote yalijaa maji yaliyolowekwa magome ya mgunga. Maji ya pipa la kwanza yalikuwa hafifu, kama chai iliyoongezwa maji kwa sababu wageni wamekuwa wengi. Ya pipa la pili yalikuwa ya kati. Ya pipa la tatu yalikuwa makali. Ukiyaonja, ulimi unakauka kama umelamba majivu.

Baba yake, Malongo, alikuwa Mzinza aliyehamia Ngara kutoka Biharamulo akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi. Ngozi ya ndama aliiweka wiki mbili katika kila pipa, akianza na lenye maji hafifu. Ikitoka pipa la tatu aliipima kwa namna moja tu. Alikata kipande chembamba kwenye shingo, mahali ngozi ilipo nene, kisha akakitazama kwa pembeni. Kikiwa cha kahawia toka juu hadi chini, alisema, "Imeiva." Akiona mstari mweupe katikati, aliirudisha majini bila kusema neno.

Ngozi iliyokuwamo wakati ule ilikuwa na mtu aliyeisubiri. Mtu huyo alikuwa Nimpaye, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuja kambini kutoka Burundi. Alipokuwa njiani kukimbia vita alikanyaga bomu lililofukiwa ardhini, akapoteza mguu wa kushoto chini ya goti. Jovina alimfahamu alipokuwa akifuatana na mama yake kuuza ndizi sokoni kambini, na sasa walikuwa marafiki.

Fundi wa miguu ya bandia, Idefonsi, alikuja kambini Jumamosi moja kila wiki mbili. Mguu wa Nimpaye alikwisha kuuchonga, mti mwepesi uliosuguliwa ukawa laini. Kilichokosekana ni ngozi ya kufunga pajani na mikanda ya kuushikilia mguu, maana ngozi aliyokuwa akiletewa ilikuwa imekwisha. Ndipo alipomwomba Malongo.

Siku hizo kambi nzima haikutulia. Mwezi Desemba wakimbizi wa kambi jirani ya Benaco walikuwa wamerudishwa kwao Rwanda, na kule Lukole kila lori lililopita liliwafanya watu wasimame nje ya mahema wakilitazama mpaka lipotee.

"Nimekujua kwa harufu kabla sijakuona," Nimpaye alimwambia Jovina siku ya Jumapili, alipomwona akikaribia.

"Ni harufu ya mkanda wako hiyo. Uzoee."

Nimpaye alicheka kidogo. Alikuwa ameketi juu ya kindoo kilichopinduliwa, magongo yake yamelala kando.

"Wanasema malori yatakuja na huku," alisema. "Mwezi huu, au ujao. Watu wa Benaco walitembea, Jovina. Mimi nitatembeaje? Mama ana mtoto mgongoni. Nani atanibeba?"

"Fundi Idefonsi atakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na ngozi itakuwa tayari?"

Jovina alijua kuwa haitakuwa tayari. Ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza pipa la kwanza. Lakini alitazama magongo yale, akasikia mdomo wake ukisema, "Itakuwa tayari."

Kesho yake Malongo alifunga safari. Alikuwa akienda Lusahunga kutafuta chumvi na ngozi mbichi, kisha apitie Biharamulo kumwona kaka yake aliyekuwa mgonjwa.

"Nitarudi baada ya wiki mbili," alimwambia Jovina. "Ngozi ihamishie pipa la pili leo. Pipa la tatu usiliguse mpaka nije. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

"Na magome yakipungua usiende kuchuna peke yako. Miti imebaki michache."

Ilikuwa kweli. Vilima vyote vya karibu vilikuwa vimekatwa kuni, na bondeni, juu ya chemchemi, ulibaki mgunga mmoja tu mkubwa. Malongo alipochuna gome alichukua upande mmoja, upana wa kiganja, akapaka jeraha la mti udongo na mavi ya ng'ombe, na hakuurudia mti huo mpaka masika mawili yapite.

Lori alilopanda baba lilipoondoka, Jovina alirudi nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya mapipa, akatembea, akasimama tena. Alihesabu siku kwa vidole, akahesabu upya kana kwamba zingeongezeka. Kama maji makali ndiyo yanayoivisha ngozi, aliwaza, kwa nini isiingie kwenye maji makali moja kwa moja? Na kama magome mengi yanafanya maji kuwa makali zaidi, basi yaongezwe.

Jioni hiyo alichukua panga akashuka bondeni. Alianza kwa upana wa kiganja kama baba. Halikutoka gome la kutosha. Akaongeza kiganja cha pili, na cha tatu, akauzunguka mti hadi akarudi alipoanzia. Mgunga ulibaki mweupe kiunoni, unyevunyevu, kama mtu aliyevuliwa nguo. Jovina hakutaka kuutazama. Alifunga magome kwa kamba akaondoka karibu akikimbia.

Akayatwanga, akayamimina katika pipa la tatu, akaitumbukiza ngozi humo. Mama yake, Eustakia, alipotoka shambani akaona vumbi la magome, alidhani baba ndiye aliyeagiza.

Siku zilizofuata Jovina hakutulia darasani wala nyumbani. Aligeuza ngozi asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne ngozi ilikuwa ya kahawia nzuri kupita ngozi zote alizowahi kuziona, na moyo wake ukaruka. Ijumaa ya wiki ya pili aliitoa, akachukua kisu, akakata kipande cha shingo.

Kati ya rangi mbili za kahawia palikuwa na mstari mweupe, wenye unene wa ukucha.

Aliketi chini. Kisha akainuka, akakata kipande kingine, safari hii kwenye ukingo wa tumbo, mahali ngozi ni nyembamba kama sikio. Hicho kilikuwa cha kahawia toka juu hadi chini. Kile cha shingo alikitupa jikoni motoni. Cha tumbo alikitia mfukoni.

Jumamosi alifika kwenye banda la fundi kambini akiwa na ngozi begani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Amesafiri. Amesema nikuletee." Akatoa kipande mfukoni. "Nimeipima, hiki hapa."

Idefonsi alikitazama kipande kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa. Aliijua kazi ya Malongo, na hakuwa na sababu ya kumshuku binti yake. Alikata ngozi, akatoboa matundu, akashona mikanda kwa uzi mnene. Nimpaye alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa gauni lake la kanisani. Mama yake, mtoto mgongoni, alisimama mlangoni, akiutazama ule mguu tu.

"Sasa," fundi alisema, akikaza mkanda wa mwisho, "utaegemea mguu huu pole pole. Ukizoea leo, kesho utaweza kushuka ule mteremko wa kwenye bomba la maji."

Jovina aliutazama mteremko. Ulikuwa wa mawe, na watu walipanda na kushuka na madebe vichwani. Kwa mawazo akaona mkanda ukikatika katikati. Alimwona Nimpaye akibingirika.

Nimpaye alishika bega la fundi, akaanza kuinuka.

"Asisimame," Jovina alisema.

Wote walimgeukia.

"Ngozi haijaiva. Hicho kipande nilikikata tumboni. Cha shingoni kilikuwa cheupe ndani, nikakichoma. Baba hajui. Baba alinikataza."

Idefonsi alifungua mkanda mmoja, akaukata kwa kisu chake, akautazama kwa pembeni kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuifungua na ile mikanda mingine, mmoja baada ya mwingine.

"Ungekatika ndani ya wiki," alisema. "Au ungeoza kwa jasho ukamtia kidonda. Na kidonda mahali pale, mtoto havai tena mguu kwa miezi mingi."

Nimpaye alikuwa ameketi tena. Machozi yalimtoka bila sauti. "Uliniambia itakuwa tayari," alisema. "Nimeamka alfajiri kuoga. Ungeniambia tu haijawa tayari, mimi ningesubiri."

Jovina aliikusanya ile mikanda, akarudi nayo nyumbani.

Malongo alirudi siku ya pili yake. Jovina alimweleza yote kabla hajavua viatu, na mgunga pia. Baba alisikiliza, akashuka naye bondeni. Aliuzunguka mti akiupapasa pale palipochunwa.

"Huu hautapona," alisema mwishowe. "Chakula cha mti hupita ndani ya gome. Umeukata koo."

Hata hivyo waliupaka udongo na mavi ya ng'ombe, kwa kuwa Jovina aliomba. Halafu baba akaeleza jambo ambalo Jovina hakuwahi kuliuliza. Maji makali huivisha ngozi ya juu haraka mno. Ngozi hiyo hukaza na kufunga njia, na maji hayaingii tena ndani. Ndiyo maana mapipa ni matatu. Ngozi ile haikuwa na dawa tena.

Walianza upya kwa ngozi mbichi ya ndama kutoka Lusahunga. Kwa kuwa magome ya karibu yalikuwa yamekwisha, kila Jumamosi Jovina na baba yake walitembea hadi vilima vya mbali na kuchukua upana wa kiganja kutoka kwa kila mti. Walirudi giza likiingia, miguu ikiwauma. Walichimba pia vitalu viwili karibu na chemchemi wakapanda mbegu za mgunga. Kila Jumapili Jovina alikwenda kambini kumweleza Nimpaye ngozi ilipofikia, bila kuongeza wala kupunguza. Mara mbili za kwanza Nimpaye alimgeuzia uso. Mara ya tatu aliuliza, "Iko pipa gani?"

Malori yalipita, watu walisimama wakayatazama, yakapotea. Wiki sita zilikwisha na Lukole ilikuwa ingali pale.

Jumamosi ile Malongo alifika mwenyewe kwa fundi. Alimpa Jovina kisu mbele ya wote. Jovina alikata shingoni, akampa Nimpaye kipande akikague. Nimpaye alikigeuza huku na huku, akakikunja, akakinusa.

"Kahawia tupu," alisema. "Nifungeni."

Alipofungwa aliinuka, akayumba, akashika ukuta. Akapiga hatua, ya pili, ya tatu. Mama yake alinyoosha mikono kumdaka, naye akasema, "Mama, niache." Akatoka nje mwenyewe, Idefonsi akimfuata nyuma taratibu.

Malongo alibaki na binti yake ndani ya banda lile lililonuka gundi na mbao.

"Nilijua unampenda rafiki yako," alimwambia. "Lakini mapenzi hayaivishi ngozi, Jovina. Kazi ina muda wake, na mti una kiasi chake. Ukivipora, anayeumia ni mtu atakayeegemea kazi yako akiiamini. Ulikosea, na kosa lako limetuulia mgunga. Ila ulifungua mdomo kabla mtoto wa watu hajaanguka. Mwenye kusema kweli hata inapomwaibisha, huyo naweza kumwachia mapipa yangu."

Huko nje, watoto waliokuwa wakichota maji walikuwa wamemkusanyikia Nimpaye, nao walikuwa wakimhesabia hatua kwa Kirundi.