Mwasumini wa Nyumba Iliyohamwa

Udongo ulikuwa umelowa kabla hajamwagilia. Mwotesha miche akachutama, akagusa shina la mwasumini wake mfupi, ule aliouringia mtaa mzima, kisha akanusa vidole. Maziwa. Akaamua kwamba paka wa jirani ameangusha bakuli, maana mtu akitaka kujidanganya hakosi paka wa kumsingizia.

Mwasumini wenyewe aliupata kwa ujanja wa kazi yake. Nyuma ya nyumba moja iliyohamwa palikuwa na kichaka cha asumini kilichochanua bila mtu wa kukitazama. Akaruka ukuta, akalaza tawi moja chini bila kulikata, akalifukia, akaweka jiwe juu lisiinuke. Tawi la namna hiyo huendelea kulishwa na mti mama mpaka litoe mizizi yake, ndipo unalikata na kwenda nalo. Siku ya kulikata hakubisha hodi wala hakuomba. Angemwomba nani, ukuta?

Wakati huo mkewe alikuwa anamwachisha ziwa binti yao, mtoto mnene waliyempachika jina la Kibonge. Siku za mwanzo mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanyamaza ghafla, na nyumba nzima ikapumua. Mama yake peke yake ndiye hakufurahi.

"Baba Kibonge," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto hataki uji. Nikimbeba ananisukuma. Na mdomo wake unanukia maua."

"Anakua tu huyo."

"Anakuaje, naye anapungua?"

Kweli alikuwa anapungua, na nguo zilianza kumvuka mabegani. Tangu hapo hakuna aliyetulia mle ndani. Mume akifungua dirisha, mke analifunga; mmoja akiketi, mwingine anainuka kwenda kuchungulia uani bila kujua anachungulia nini, kwa sababu harufu ya asumini ilipita chini ya mlango hata mchana, na pamoja nayo sauti ya mtu anayebembeleza mtoto kwa kuguna, bila maneno.

Jioni moja Kibonge hakuonekana. Mama alimtafuta uvunguni mwa kitanda, jikoni, nyuma ya mapipa ya maji, akiita huku akijizuia asipige kelele, kwani ile sauti ya kuguna ilikuwa inatoka bustanini na aliogopa kuikatiza, mpaka alipozunguka nyumba na kumkuta mwanawe ameketi chini ya mwasumini, miguu imefukiwa hadi vifundoni, jiwe limewekwa juu ya udongo, naye anameza, anameza, midomo imeshika hewa tupu na maziwa yanamtiririka kidevuni.

Baba alikuja mbio. Alipoliona lile jiwe, aliitambua kazi ile. Akafukua kwa vidole. Nyayo za mtoto zilikuwa zimeota vinyuzi vyeupe vilivyozama ardhini, na alipojaribu kuving'oa, Kibonge na mti walitetemeka pamoja.

"Usivute," mkewe alinong'ona. "Mwite mganga. Nenda."

Mganga alikuwa mwanamke mwenye haraka, asiyependa salamu ndefu. Alifukiza ubani, akainamisha sikio kwenye shina, akasikiliza muda mrefu kuliko walivyoweza kuvumilia.

"Ulikata kitu cha mtu," alimwambia baba.

"Nitakirudisha. Leo hii hii."

"Utakiunga?"

Tawi likishakatwa halirudi mahali pake. Mwotesha miche aliwaambia wateja wake hivyo kila siku.

"Mama wa tawi hili anasema alikuwa ananyonyesha," mganga aliendelea. "Sasa anamwotesha wa kwenu. Mtoto akishika mizizi sawasawa, atamkata kwa mama yake."

Mama alipiga magoti. Alikuwa anaogopa sana, na hakuona haya kuogopa. "Mwambie, huyo wake nitamlea mimi."

"Mwanangu, neno hilo halina kurudi nyuma."

"Mwambie."

Mama akafungua vifungo vya blauzi, akakamua maziwa yaliyobaki kifuani, yakadondoka shinani. Kuguna kukakoma. Vile vinyuzi vikanyauka kimoja kimoja, nyayo zikabaki safi, na Kibonge akaangua kilio kikubwa cha njaa. Baba alilia naye bila kujificha.

Siku hizi Kibonge anakula uji na kudai nyongeza, na mashavu yamerudi. Wapita njia husimama kuusifu mwasumini, mfupi, umejaa maua meupe. Ila maziwa ya mama, ambayo yangekuwa yamekauka zamani, hayajakauka. Kila jioni yeye hutoka kwenda bustanini, na mumewe hujitafutia kazi upande wa pili wa nyumba.

Juzi Kibonge alianguka uani, akachanika goti, akamkimbilia mama yake mikono imenyooshwa, damu inamchuruzika. Mama hakugeuka. Aliendelea kukamua, taratibu, amelikumbatia shina.

"Subiri," alisema. "Mdogo wako hajashiba."