Mkono Kwenye Chungu cha Ashura

Sogeeni, wana Nachingwea, nanyi jirani zetu wa Ruangwa. Ninayowaeleza yametokea Ruponda, katika nyumba iliyokuwa na amani kuliko nyingi zetu.

Siku hiyo walikuwa uani wakipepeta ufuta. Ashura alishika ungo, mama mkwe wake Bi Hafidha alichambua takataka, naye Rahimu, mume wa Ashura na mtoto wa Bi Hafidha, alijaza magunia huku wote wawili wakimtania kwa uvivu wake. Mchana walikula ugali kwa mbaazi za nazi. Ashura hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Baba yake alikuwa na bucha Ruangwa, na harufu ya bucha ilimkinaisha tangu usichana wake. Watu walimcheka, binti wa muuza nyama anayekula majani, lakini Bi Hafidha alimpikia kunde, choroko na njugu mawe bila kununa.

Kabla ya alasiri tumbo la Ashura likavimba na kukaza kama ngoma. Likanguruma, likamkimbiza chooni mara kwa mara. Kesho yake likarudia, na wiki iliyofuata vilevile. Miezi ikapita, mwili ukapukutika, nyayo zikaanza kufa ganzi.

Wote walikula chungu kimoja. Mbona aumwe yeye tu?

Swali hilo alimpelekea jirani, Mama Mudrik. "Shoga, mimi simtaji mtu," Mama Mudrik akajibu, akitazama pembeni. "Ila anayekupikia ni nani?"

Tuwaogope watu wasiomtaja mtu. Tangu siku hiyo Ashura akimtazama mkwe wake hakumwona yeye, aliona dhana zake mwenyewe. Bi Hafidha akitabasamu, anaficha jambo. Akinyamaza, anapanga jambo. Akikawia kwenye mswala, ana dhambi gani anayoitubia?

Akaenda Ruangwa kwa dada yake, Zulfa, apumzike na mkono wa mkwe wake. Zulfa alimpokea kwa furaha, akamkaangia vitunguu vingi, akampikia kunde kwa rojo la korosho. Jioni tumbo likavimba kuliko siku zote. Hapo mwenye akili angesema, kumbe si mkwe. Ashura akasema, kumbe mkono wake unafika hadi Ruangwa!

"Twende hospitali, mdogo wangu," Zulfa alimsihi.

"Hospitali wanapima malaria, dada. Haya ya kwangu hayapimwi."

Aliporudi Ruponda akajipikia mwenyewe kunde zilezile, katika chungu chake, na hakupokea hata maji ya kunywa kutoka kwa Bi Hafidha. Tumbo halikupungua. Basi asubuhi moja akabandika uji wa mahindi, akachukua ndoo na kuaga kwamba anakwenda kisimani. Hakwenda popote. Alizunguka nyuma ya jiko akachungulia kwenye tundu la ukuta.

Bi Hafidha akaingia. Akatazama nyuma, akafungua pindo la kanga, akatoa unga wa kijivujivu, akaumimina ndani ya uji na kukoroga.

"Nimekukamata!" Ashura alipiga ukelele uliowatoa watu majumbani. "Mchawi wangu nimemkamata!"

Alimwaga uji wote uani mbele ya umati. Bi Hafidha akawakunjulia pindo la kanga waone. "Ni unga wa kunde, mwanangu, na kitunguu saumu kilichokaushwa. Unakonda, na nyama huli. Ningekupa mkononi ungekataa, maana siku hizi hupokei kitu changu."

Kuku wakaja wakaudonoa ule uji, na hakufa hata mmoja. Lakini nani anawatazama kuku, watu wakishaamua? Vijana wakaanza kuokota mawe. Mama Mudrik, asiyemtaja mtu, sasa alimtaja kwa sauti.

Na Rahimu? Alifanya wanavyofanya wengi wetu. Alisimama kati ya mama na mke, mdomo umefungwa, kisha akampakia mama yake kwenye bodaboda na kumpeleka Kilimarondo kwa mjomba, kwenye nyumba ya mwisho kabisa ya kijiji, ambako tembo huingia mashambani.

"Ni kwa usalama wako, mama," alimwambia.

"Ungesema neno moja tu mbele yao, Rahimu," mama yake alijibu. "Moja tu."

Mchawi akaondoka, tumbo likabaki. Ashura alianguka shambani akiwa hazisikii nyayo zake. Zulfa alipopata habari alikuja na gari la kukodi, na safari hii hakumbembeleza. Walikwenda moja kwa moja hospitalini.

Daktari, mama wa makamo mwenye subira, alimpima, akamuuliza anakula nini, tangu lini, na tumbo hujaa baada ya chakula gani.

"Daktari, ni sumu gani aliyonipa?" Ashura aliuliza.

"Hakuna sumu. Bakteria wamezidi kwenye utumbo wako mwembamba, mahali ambapo huwa ni wachache. Unachokula kinachachia humo. Kunde, mbaazi, vitunguu, kitunguu saumu na korosho, hivyo ndivyo wanavyovipenda zaidi. Kila aliyekuhurumia akakuongezea kunde, aliwalisha wao."

"Basi nirudie nyama?"

"Sijasema hivyo. Kaa na majani yako. Utameza dawa nitakazokuandikia, si za kujinunulia dukani. Kwa muda, kula wali au ugali, mchicha, karoti, na karanga kidogo kwa kujenga mwili. Acha nafasi kati ya mlo na mlo, usitafunetafune. Kunde zitarudi polepole, kijiko kwa kijiko, tukiona tumbo limetulia. Na hiyo ganzi ni upungufu wa vitamini B12, ambayo majani hayana. Utachomwa sindano, na baadaye utakuwa unameza vidonge vyake."

Ashura alilia pale pale kwenye kiti. Tumbo lilikuwa limepata jibu, lakini moyo wake ulikuwa Kilimarondo.

Alipopata nguvu, yeye na Rahimu walimfuata Bi Hafidha. Walimkuta amekuwa mdogo, macho yakiruka kila jani likitikisika. Ashura alipiga magoti akaomba radhi, na bibi akasema amesamehe. Kisha Ashura akaingia jikoni, akapika wali na mchicha wa karanga kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akamnawisha mkono mkwe wake na kumwekea sahani mbele.

Mkono wa Bi Hafidha haukunyanyuka.

"Onja wewe kwanza," akasema.

FUNZO

Tumbo linalovimba na kurudia si uchawi. Lipelekeni hospitali mapema, na mwambieni daktari kila mnachokula. Asiyekula nyama si mgonjwa wala mwendawazimu, ila ajue mwili wake unakosa nini. Wenye huruma nao watoe msaada wao waziwazi, maana wema wa kificho hufanana sana na ubaya. Na dhana mbaya, jamani, msiilee. Utumbo wa Ashura ulipona kwa dawa. Bi Hafidha alirudi Ruponda, lakini mpaka leo hali chakula ambacho hakukipika mwenyewe.