Ukuta Unaogongeka

Kila asubuhi mtaa ule uliamshwa na harufu ya mikate. Mama alikuwa mwokaji. Alioka katika chumba cha kukodi kando ya barabara. Ndani mlikuwa na oveni kubwa ya chuma, meza ndefu, na joto la kumkausha mtu akiwa amesimama. Oveni ilikuwa ya Mama. Chumba hakikuwa chake.

Binti yake alimsaidia kabla ya kwenda chuoni. Mtaani walimwita Kichwangumu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, siku alipokataa kuacha masomo ya uchoraji wa majengo. Mjomba alidhani anamtukana. Msichana akalipenda jina.

Asubuhi moja mwenye chumba aliingia bila hodi.

"Mama, chumba changu nakihitaji," alisema. "Mwezi ujao nafungua duka la simu hapa."

"Na oveni yangu niipeleke wapi?"

"Iuze. Umri nao umekwenda. Pumzika sasa."

Mama alikuwa anakanda unga. Akaendelea kukanda, kwa nguvu zaidi.

"Chumba ni chako, chukua," alisema. "Lakini umri wangu uache. Sikukupa unishikie."

Mama hakulia. Alimfungia yule bwana mikate yake kama kawaida, akampa, akamfungulia mlango. Kisha akaketi kwenye gunia la unga. Mikate ile ndiyo iliyokuwa inawalisha. Bila mahali pa kuweka oveni, hakuna mikate.

Jioni mjomba alifika kuwajulia hali. Alikuwa kaka mkubwa wa Mama. Alipenda sana kushauri, hata pale asipoombwa.

"Shikamoo, mjomba," Kichwangumu alisema.

"Marahaba. Nimesikia habari. Dada, uza oveni, mambo yaishe."

"Siuzi," Mama alijibu. "Nitajenga hapa nyumbani, pale tunapoanika nguo."

Kando ya nyumba yao palikuwa na kipande cha ardhi, kirefu lakini chembamba. Mjomba alikichungulia kupitia dirishani, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Pale? Pale utajenga nyumba ya nyoka!"

"Basi nyoka atakula mkate wa moto," Mama alisema.

"Nitachora mimi," Kichwangumu alidakia. "Oveni itaingia na kila kitu kitaenea. Utaona, mjomba."

Alichora kwenye kompyuta ya chuo. Alipima kiwanja, akapima oveni, akapima meza. Alipima pia kasia. Kasia ni ubao bapa wenye mpini mrefu, ambao Mama hutumia kutolea mikate motoni. Kisha akasimamisha kuta kwenye skrini. Kila kitu kiliingia. Oveni ilitazama upande wa mlango, kwa upana wa chumba, na kasia lilipata nafasi ya kuvutwa hadi mwisho. Mama alipoona picha ile aliigusa kwa kidole, akaacha unga kwenye kioo.

Wakaipeleka ofisi ya majengo kuomba kibali. Mjomba naye akafuata, eti kusindikiza.

Afisa wa majengo alikuwa mtu wa miwani na maneno machache. Aliufungua mchoro kwenye kompyuta yake. Akatikisa kichwa kuukubali. Kisha akauzungusha taratibu, mpaka ukuta mmoja ukaonekana kwa ubavu.

Ukuta ukatoweka.

"Uko wapi?" afisa aliuliza.

Kichwangumu aliinama karibu na skrini. Palibaki mstari tu, mwembamba kuliko unywele.

"Binti, hii ni nyumba ya karatasi," afisa alisema. "Hata karatasi ina afadhali. Siwezi kutoa kibali kwa kuta zisizokuwepo. Nileteeni mchoro wenye kuta za kweli."

Mjomba alipiga makofi. "Niliwaambia! Siku nikiugonga ukuta huo ukagongeka, nitaupaka chokaa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kichwangumu alihisi uso unawaka.

"Umesikia alivyosema, mwanangu?" Mama aliuliza kwa sauti, kila mtu asikie. "Usisahau. Kwa mikono yake ile."

Njiani kurudi, Kichwangumu alitokwa na machozi. Yalikuwa machozi ya hasira, na hayo hayamzuii mtu kutembea. Hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwa jirani yao, Dada Rula. Dada huyu alikuwa mchoraji wa majengo, na watu walimpa jina hilo kwa sababu hakukosa rula mfukoni, hata akienda sokoni. Mama akaja nyuma yake.

"Dada Rula, kompyuta imenidanganya," Kichwangumu alisema.

"Kompyuta haidanganyi. Inakutii tu. Hebu tuone." Dada Rula akaufungua mchoro, akatabasamu. "Ah! Umechora ngozi, hukuweka nyama."

"Maana yake?"

"Kwenye programu hizi, uso mmoja bapa unaweza kusimama peke yake. Una urefu na kimo. Unene hauna hata chembe. Ukiutazama kwa mbele unauona ukuta. Ukiutazama kwa ubavu hauoni kitu. Duniani hakuna ukuta wa namna hiyo. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuupa unene."

"Kiasi gani?"

"Swali zuri. Usikisie. Nenda kapime."

Kichwangumu alitoka, akapima tofali la uzio wa Dada Rula. Akarudi na kipimo.

"Na plasta?" Dada Rula aliuliza. "Tofali halikai uchi. Ongeza plasta ya ndani na ya nje."

Akaongeza. Kisha Dada Rula akamwambia ahifadhi nakala ya mchoro wa zamani, ili akikosea awe na pa kurudia. Kichwangumu akahifadhi. Akazichagua kuta zote, akaandika kipimo, akabonyeza.

Kuta tatu zilinenepa kuelekea ndani. Ya nne ilinenepa kuelekea nje, ikaingia kwenye kiwanja cha jirani wa upande wa pili.

"Mungu wangu!" Mama alisema. "Tumeshavamia watu."

Dada Rula alicheka. "Tazama rangi. Kila uso una mbele na nyuma, kama shati; mbele ni nyeupe. Kuta hizi tatu, upande mweupe uko nje. Hii ya nne upande mweupe uko ndani. Umeivalisha kinyume. Kompyuta inaongeza unene kwa kufuata mbele na nyuma ya uso, haijui ndani wala nje ya nyumba yako. Kwa hiyo kabla ya kuongeza unene, hakikisha nyuso zote zimetazama upande mmoja."

Kichwangumu akarudi kwenye nakala. Akaugeuza ukuta wa nne. Kisha mkono ukasita juu ya kipanya.

"Sasa zinenepe ndani au nje?"

"Jiulize ni kipimo gani hakisogei."

Kichwangumu aliwaza. "Mstari wa nje, ule wa mpaka. Ofisi ndiyo iliyouweka. Nikiuvuka, kibali sipati."

"Basi nje pabaki palipo. Unene uelekee ndani."

Akabonyeza tena. Safari hii kuta zote nne zilinenepa kwa ndani, safi kabisa. Akauzungusha mchoro. Kwa mbele ukuta ulikuwepo. Kwa ubavu ukuta ulikuwepo. Akapiga kelele ya furaha.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa analiangalia kasia.

"Vuta kasia," alisema.

Kichwangumu alilisogeza kasia kwenye skrini, kutoka mdomo wa oveni kurudi nyuma. Mpini ukagota kwenye ukuta kabla mkate haujatoka. Akajaribu tena. Ukagota tena. Unene ulikuwa umekula nafasi.

Kichwangumu akavifungua tena vipimo vya ukuta.

"Tupunguze unene kidogo," alinong'ona. "Nani atajua?"

"Tofali litajua," Dada Rula alisema kwa ukali. "Ukidanganya kwenye mchoro, fundi atakuumbua kwenye msingi. Ukuta ni mnene kama ulivyo. Kinachoweza kusogea ni vilivyo ndani."

"Oveni haisogei. Ikijumlishwa na kasia, imejaa upana wote!" Kichwangumu alisema.

"Mjomba atacheka mpaka mwakani," akaongeza.

Mama alikuwa bado anaitazama picha. Alisogeza kiti. Alipangusa kioo kwa kanga yake, ingawa kioo kilikuwa safi.

"Kwa nini oveni umeitazamisha mlangoni?" aliuliza.

"Si ndivyo ilivyo kule, mama?"

"Kule niliiweka hivyo kwa sababu ya bomba la moshi la mwenye chumba. Miaka yote nimechomwa mgongo na jua la mlangoni kwa ajili ya bomba lake. Hapa bomba ni la nani?"

Kichwangumu na Dada Rula walitazamana.

"Ni lako, mama," Kichwangumu alisema.

"Basi igeuze. Itazame kwa urefu. Kiwanja changu ni chembamba, lakini urefu ninao. Nivute kasia mpaka nichoke mwenyewe."

Kichwangumu aliigeuza oveni. Akalivuta kasia. Likatoka lote, na nafasi ikabaki ya Mama kupita na trei. Walikuwa wamebeba tabia ya chumba cha watu, wakaichora kwenye chumba chao bila kujua. Kuta za karatasi zilikuwa zimewafichia kosa hilo. Kuta nene zikalifichua.

"Na hili ndilo la mwisho," Dada Rula alisema, huku akifuta macho yake haraka haraka. "Ukishaongeza unene, pita tena ndani ya mchoro. Fungua milango. Vuta kasia. Usiamini mpaka umepita."

Walirudi ofisini. Afisa wa majengo aliufungua mchoro, akauzungusha. Ukuta ukabaki. Akauzungusha upande wa pili. Ukabaki. Akaukaribia sana, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Unene huu umeutoa wapi?"

"Nimepima tofali na plasta," Kichwangumu alijibu. "Unene wote uko ndani ya mstari wenu. Pima."

Afisa akapima. Akachukua mhuri.

Ujenzi ukaanza. Mafundi walifuata mchoro, na hakuna tofali lililokosa mahali pake. Kabla mwenye chumba hajaja kudai ufunguo, Mama alikuwa ameshaupeleka mwenyewe. Oveni ilibebwa na vijana wa mtaa, ikaingizwa kabla mafundi hawajaufunga ukuta wa mwisho. Ikatazama kwa urefu. Asubuhi ya kwanza mtaa uliamka kwa harufu ile ile, ila sasa ilitoka kwenye nyumba ya nyoka.

Mjomba alikuja saa ya chai. Alizunguka jengo, mikono mgongoni. Alitafuta kasoro, akakosa. Akasimama mbele ya ukuta mrefu, ambao bado ulikuwa na rangi ya saruji.

"Hm," alisema. Akakunja ngumi, akagonga kwa nguvu.

"Aaa!" Akaukung'uta mkono, akavipulizia vidole.

Kichwangumu alikaza midomo asicheke. Mama alitoka mlangoni na mkate wa moto. Akampa kaka yake.

"Umegongeka?" aliuliza.

"Umegongeka, dada."

"Kula kwanza," Mama alisema. Kisha akamsogezea ndoo ya chokaa na brashi, vilivyokuwa vinamngoja nyuma ya mlango. "Ukimaliza, anzia kona ile."