Mkwaju Uliochunwa

Haya yalimpata Zein, jirani yetu hapa Tudor, na wallahi sitii chumvi. Asubuhi moja alikuwa barazani anakunywa kahawa, mkewe ndani anafua nguo za mtoto, na Fadhiya wa nyumba ya pili anafagia majani ya mkwaju yaliyoangukia kwake huku akiimba makusudi, amkere. Zein alikuwa ametaka kuung'oa mkwaju ule wa uani kwake ajenge ghorofa. Fadhiya akamshtaki kaunti, na mti ukapigiliwa kibao: umehifadhiwa kisheria, haukatwi.

"Haukatwi ukiwa hai," Zein alimwambia, meno yamebanana. "Na ukifa wenyewe?"

"Uguse uone," Fadhiya akajibu.

Basi jamaa akafanya uhayawani wake. Alifukua udongo shinani, akalichuna gome la mti akizunguka shina lote, kisha akafukia. Ukipita huoni kitu. Muoga yule! Afadhali angeshika shoka, tukajua moja.

Majani yakaanza kupukutika. Na bintiye, Amatullah, mtoto mchanga, akaanza kukataa ziwa. Kiunoni akatokwa na mstari wa ngozi kavu, ya kijivu, uliomzunguka mwili. Zahanati walisema joto, wakampa poda. Mstari ukapanuka. Ukapasukapasuka.

Mchana mmoja, jua la utosi, Zein alimkuta mkwewe, Bi Mwanarusi, amepiga magoti chini ya mkwaju anafukua kwa vidole. Shina lilikuwa wazi, jeupe. Bibi aliinua macho, na yalijaa chuki tupu.

"Nani amemchuna mjukuu wangu?" alinong'ona.

"Mama, huo ni mti."

"Kitovu chake nilikizika hapa, kilipoanguka. Kwetu huzikwa mtini, mtoto akue nao. Hukuuliza, wewe. Wewe wauliza saruji tu."

Zein akaleta mpira wa maji, akaumwagilia mti. Akalifunga shina kwa samadi na vitambaa vya mtoto. Kila siku alimwagilia, akilia, na Fadhiya akimcheka dirishani. Mti ukakauka mpaka tawi la mwisho.

Ndipo akaja Kenneth, afisa wa kaunti, na watu wake.

"Umekufa huu, utaangukia watu," alisema. "Sasa sheria yataka ukatwe."

Zein akamshika miguu. "Uacheni, bwana. Nakuomba. Uacheni usimame hivyohivyo."

"Si ndivyo ulivyotaka?" Fadhiya alipaza sauti kutoka dirishani. "Kateni!"

Wakamvuta kando. Msumeno ukawashwa.

Zein akakimbia ndani. Bi Mwanarusi alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni. Madirisha yote yamefungwa. Nje, msumeno ukauma shina. Amatullah akafumbua mdomo. Hakulia. Maji yakatulia.

"Mama," Zein akanong'ona. "Mama, mtoe."

Mkwaju ukaanguka.

Tulimzika alasiri. Wanawake waliomwosha hawataki kuulizwa, lakini Fadhiya alikuwepo, na tangu siku hiyo hajaimba. Anasema kila kata ya maji waliyommiminia ilishuka na unga wa mbao. Wakaosha tena, ukashuka tena. Unga wenyewe ulikuwa mbichi, unatoa utomvu. Na mti ule, sote tuliuona ulipolala uani, ulikuwa mkavu mpaka ndani.