Usiku wa Radi Kavu

Mkanda wa gitaa ulikatika katikati ya soko la Mwanga, mbele ya cherehani ya Marsiana. Gitaa lingepasukia kwenye saruji kama asingelidaka kwa mapaja, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitenge cha mteja.

"Mama yangu!" alipiga ukelele kijana mmoja mrefu, fulana yake nyeusi imepauka, nywele kazisuka kwa nyuma. "Dada, umeniokolea moyo!"

"Kumbe moyo wako unaubeba begani?"

"Ilikuwa begani. Sasa iko kwa magoti yako."

Wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao waliangua kicheko. Marsiana aliona haya, akainamia cherehani, akaushona ule mkanda kwa uzi mnene wa viatu, akirudia na kurudia kuliko ilivyohitajika.

Kijana jina lake Heritier. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sasa alikuwa mjini kwa kibali cha kumuuguza mama yake, Mama Merina, aliyelazwa kwa maradhi ya figo. Asubuhi alikuwa wodini, jioni kwenye mazoezi na bendi yake, Radi Kavu. Walipiga metali, muziki wa magitaa mazito, lakini si ile ya kukurupuka. Nyimbo zao zilianza taratibu, zikajikusanya, halafu zikaanguka kama mvua ya masika juu ya bati.

"Wimbo mmoja robo saa nzima?" Marsiana alimuuliza siku moja walipokuwa wakitembea ufukweni Ujiji, viatu mkononi.

"Uchungu wa mtu hauishi kwa dakika tatu, Marsi."

Tangu hapo simu ya Marsiana ilikuwa ikiita kila usiku.

"Halo, fundi wa moyo."

"Halo, mkorofi. Mama anaendeleaje?"

"Iko anagombana na manesi. Njo vile najua amepata nguvu."

"Hicho Kiswahili chako kinachechemea."

"Na chenu kinavaa tai. Lala salama, malaika."

Marsiana, binti wa Kiha aliyezoea kuhesabu wanaume wote kuwa waongo mpaka athibitishiwe, alijikuta akitabasamu peke yake juu ya pasi ya moto.

Ikafika siku ya onyesho. Bendi moja ilitoka Bujumbura, nyingine Nairobi, na wenyeji walikuwa Radi Kavu. Mahali ni ua mpana wa Katonga, jirani na mwalo wa kushushia dagaa. Marsiana alikuwa amejishonea gauni jeusi la kubana kiunoni, mikono ya kitenge chekundu. Mchana ule Oswald, mpiga ngoma, alipita kuchukua vizibao vya bendi.

"Leo tupige mpaka ziwa litetemeke," alisema akijaribu kizibao chake. "Ndiyo mara ya mwisho na Heritier. Wiki ijayo anaruka Kanada na mama yake, wamepewa makazi huko."

Sindano ilimchoma Marsiana kidoleni wala hakuhisi.

Simu ikaita. Hakupokea. Ikaita tena, akaizima, akaapa haendi kwenye onyesho.

"Sasa gauni utamvalisha nani, kabati?" Frida, rafiki yake wa kibanda cha pili, alimshika mkono. "Twende. Kama ni kumtukana, mtukane ukiwa umependeza."

Walifika jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Harufu ya dagaa ilichanganyika na moshi wa jenereta. Radi Kavu walipopanda jukwaani, Heritier alianza kwa kugusa uzi mmoja tu, polepole, mpaka watu wakaacha kusemezana. Kisha gitaa la pili likaingia, besi ikaja, Oswald akashusha mikono, na ua mzima ukanguruma. Marsiana aliusikia mlio mbavuni. Alikuja na hasira, lakini machozi yalimtoka kabla ya matusi.

Heritier alimwona. Walipomaliza aliruka chini, jasho likimtiririka, akamfuata hadi kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani.

"Marsi, mbona hupokei simu?"

"Ulitaka niagwe na mpiga ngoma?"

Heritier alisimama. "Oswald hajui. Siendi. Jana niliwaambia watu wa shirika la wakimbizi nabaki."

Marsiana alimshika mikono yote miwili. Kisha akaiachia.

"Na mama?"

"Ataenda na dada yangu Shukrani."

"Shukrani mwenye mapacha wachanga? Nani atamwinua mama usiku? Si uliniambia tiba yake haipatikani hapa?"

Kijana alitazama mchanga. "Maisha yangu yote napelekwa, Marsi. Kambi hii, kambi ile. Mara moja tu nimetaka kuchagua mwenyewe. Nimekuchagua wewe."

"Bila kuniuliza." Sauti yake ilipasuka. "Unadhani sitaki ubaki? Nataka kuliko wewe! Lakini mama akizidiwa, kila utakaponitazama utamwona yeye. Sitaki kuolewa na macho hayo, Heri."

Nyuma yao bendi ya Bujumbura ilianza kupiga. Walisimama kipaji cha uso kwa kipaji cha uso, wimbo ule mrefu ukipita juu yao.

"Ukinituma niende," alisema Heritier, "nitume pia nirudi. Nije kwenu na wazee, nikuoe."

"Nenda," alisema Marsiana. "Rudi. Nitaolewa nawe hata ukichelewa, lakini usichelewe."

Alicheka akilia, na Heritier vilevile.

Kulipokucha Heritier aliwapigia wale watu wa shirika, akabahatika: nafasi yake ilikuwa haijafutwa.

Siku ya safari, Marsiana alibeba mfuko wa Mama Merina kutoka wodini hadi kwenye gari lililokuja kuwachukua. Mama alikuwa amekonda, akitembea kwa kuuegemea mkono wake, kilemba chake kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyenirudishia mtoto? Mimi alinidanganya ati karatasi zake za safari zimekwama."

Marsiana aliuweka mfuko chini. Heritier alikuwa mlangoni mwa gari, macho mekundu, akijifanya anapanga mizigo.

Mama Merina alimshika Marsiana mashavu kwa viganja vikavu.

"Siku nilipovuka ziwa hili," alisema, "nyuma niliacha kaburi la mume wangu. Safari hii nyuma naacha mkwe. Afadhali, mwanangu. Afadhali sana."