Vyumba Vilivyofichwa vya Tovuti ya Hajiya Sa'ade

Kilichoanza kumkera Rakiya ni kikohozi. Kila alipofungua tovuti ya ubani ya Hajiya Sa'ade, aliyoajiriwa kuitunza, ukurasa ulijivuta sekunde arobaini, na katikati ya kusubiri huko kompyuta ilikohoa. Feni ya kompyuta huvuma, haikohoi. Alilijua hilo, akajitia hajui.

Uani wanawake kumi na wawili, wengi wao wajane, walikuwa wakichanganya turaren wuta, ubani ambao bi harusi wa Kano haolewi bila huo. Mnunuzi mkubwa wa Niamey alikuwa ameahidi kuifungua tovuti baada ya alasiri. Akichoka kusubiri angeenda kwa wengine, na wale wanawake wangekosa kazi.

"Bado tu?" Hajiya alichungulia mlangoni. "Hata punda angeshafika!"

"Hajiya, mzigo ni wako. Kila Idi, kila Sallah, naweka tangazo jipya, la zamani unaniambia nisifute, nilifiche tu, litafaa mwakani. Yako tisa humu, kama vyumba vilivyofungwa. Watu hawayaoni, lakini ukurasa unayabeba yote."

"Basi futa, mwanangu. Futa upesi."

Akafuta la kwanza. La pili. Kufikia la tano harufu ya nywele zinazoungua ilikuwa imeimeza harufu ya ubani. La tisa likakataa. Lilikuwa picha ya chetezo, na moshi wa kwenye picha ulikuwa unapanda, ukapanda mpaka ukafika ukingo wa kioo, ukakunjika kama shingo inayogeuka, na Rakiya akahisi pumzi ya moto ikimpitia sikioni, shingoni, mgongoni, hali feni ya dari ilikuwa imesimama kimya.

"Chumba mmekifunga miaka minne," sauti ilisema. "Hakuna aliyeingia, hakuna aliyesema bismillahi. Mlitaka akae nani?"

"Umesikia?" Rakiya alinong'ona.

"Nimesikia." Hajiya alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili. "Toka humo, mwanangu. Tumsubiri malam aje akisomee dua."

"Malam yuko Zaria, na alasiri ndiyo hii."

Alikuwa anaogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Miaka minne umekaa bure," aliiambia picha, "na hata asante hujasema. Hama!"

"Ukinifuta nitakwenda nitakako."

"Nenda! Wale pale nje wana watoto wa kulisha. Bismillahi!"

Akabonyeza. Kioo kikapasuka pembeni, kukawa kimya. Ukurasa ukafunguka kwa sekunde mbili. Hajiya akapiga vigelegele, uani wote ukaitikia.

Baada ya sala mnunuzi wa Niamey akapiga simu. Hajiya aliiweka kwenye spika.

"Nachukua ubani wote mlio nao," mama yule alisema, sauti ikiwa chini sana. "Ila niambieni kitu. Tovuti yenu imefunguka pia kwenye ile simu yangu mbovu, iliyo kabatini. Haina hata betri. Na haitaki kufungika."

Hajiya alikaa chini palepale. Rakiya akaichukua simu kutoka mkononi mwa Hajiya.

"Mama, usiogope. Iweke hiyo simu mbovu karibu na hii tunayozungumzia, inisikie." Akangoja kidogo, kisha akapaza sauti. "Wewe! Kwangu umeshatoka. Na huko nakuja."