Kaseti ya Arusi ya Saada

Kila alasiri, Mishi alipotoka chuoni kusoma Kurani, aliosha vyombo kisha akaenda kumkanda miguu bibi yake, Bi Shekha. Siku hiyo hakumkuta kitandani. Bibi alikuwa ameketishwa sebuleni juu ya mito, amejifunga leso mpya.

"Leo namwona Saada!" alisema kwa furaha.

Saada ni dada mkubwa wa Mishi. Aliolewa Mombasa wakati bibi hajiwezi kwa maradhi, kisha mumewe akamchukua Maskati. Sasa kaseti ya arusi ilikuwa imefika Malindi, na jirani amewaazima deki yake ya video.

Kaka yao, Athman, aliiwasha. Picha zikarukaruka. Mistari myeupe ikamkata uso bi arusi, na ngoma za wanawake zikakoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Athman akasonya.

"Kaseti imeharibika. Bora nirekodi mpira juu yake. Mechi yaanza sasa hivi."

Bibi akainamisha kichwa. Mishi akaenda kusimama mbele ya deki.

"Hurekodi kitu!"

"Toka hapo! Wewe wajua nini na video?"

"Sitoki! Umejuaje imeharibika, nawe hata hujajaribu kuirekebisha?"

Mama yao, Bi Mahfudha, alitokea jikoni. "Muache ajaribu, Athman. Nawe Mishi, angalia, hicho ni kitu cha watu."

Kwa hasira, Mishi akazungusha kila kitufe alichokiona. Nyuso zikawa nyekundu, kisha kioo cha televisheni kikawa giza tupu. Athman akacheka mpaka akashika mbavu.

Machozi yalimlenga Mishi, lakini hakubanduka. "Hapo nimekosea mimi," alisema. "Nimevigusa vyote kwa pamoja. Naanza upya."

Alivirudisha vitufe vyote katikati, picha ikarudi na mistari yake. Akaanza na kile cha kwenye deki, akakizungusha polepole huku akitazama. Mistari ikateremka hadi chini ya kioo, ikatoweka. Akashika kile cha kutafutia stesheni kwenye televisheni, akakisogeza kidogo tu, na mkoromo ukafifia. Sauti ilikuwa juu mno hata ikipasuka, akaipunguza.

"Picha bado hafifu," Athman alisema. "Ongeza mwangaza."

Mishi alitazama dirishani. Jua lilikuwa likipiga kioo moja kwa moja. Akaenda akavuta pazia.

Hapo rangi zikajitokeza: hina mikononi, asumini kichwani, na Saada mwenyewe akiwageukia. "Shikamoo, Bibi," alisema kwa sauti safi. "Nimekukosa leo."

"Marahaba, mwanangu!" Bi Shekha akaitikia, mikono ameinyoosha kwenye kioo. "Marahaba!"

Hakuna aliyekumbuka mpira. Athman aliketi sakafuni kando ya Mishi. "Nifundishe ulivyofanya," akanong'ona.

"Ngoja arusi ishe kwanza," Mishi akamjibu bila kugeuka.

Bi Mahfudha alifuta macho kwa upindo wa leso. "Athman, usikitupe kitu kabla ya kukihangaikia. Nawe Mishi, ubishi wako leo umetufaa. Lakini haukuwa ubishi peke yake uliotuletea Saada. Ulikubali kosa lako, ukarudi mwanzo, ukaenda taratibu. Shikeni hayo, wanangu, hata katika masomo yenu."